Tufundishe grafu kwa kipi? Penseli, kalkuleta ya kisayansi, kalkuleta ya kuchora au kishikwambi

Mwaka juzi, msimu wa korosho ukielekea ukingoni, wazawa wa kata yetu wanaoishi Dar walimpigia simu mkuu wa shule. Wamechanga fedha na wanataka kuinunulia idara ya hisabati "zile kalkuleta zinazochora grafu zenyewe". Mmoja wao ana mtoto anayesoma Marekani, na kule, alisema, kila mwanafunzi anatembea na yake. Mkuu akatuita walimu watatu wa somo, akatupa hadi Ijumaa tuseme tunataka ngapi.

Ijumaa ikafika hatujaelewana. Mmoja alizitaka kalkuleta hizohizo. Wa pili alisema fedha yote iende kwenye grafu pepa na rula, maana darasani kwake rula moja inazunguka madawati manne. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufundishia kishikwambi na nilijiona nimefika. Tulibishana wiki mbili, na kadiri tulivyobishana ndivyo nilivyoona kwamba kila mmoja yuko sahihi kwa darasa analolifikiria yeye. Nimeyapanga hapa yale tuliyoyasema, pamoja na niliyojifunza tangu hapo, kwa ajili ya mwalimu wa Tandahimba, Liwale au Kilwa aliyekwama palepale.

Neno moja kabla ya kuanza. Naandika "kalkuleta" kwa makusudi. Najua Kiswahili sanifu kina "kikokotoo", ila ukilitaja neno hilo kwenye ofisi ya walimu, mazungumzo yanahamia kwenye mafao ya kustaafu na hisabati imekufa hapohapo.

Tunapima kwa mizani ipi

Kila kifaa nimekiuliza maswali matano. Je, mtihani unakiruhusu? Mwanafunzi akikitumia, anajifunza nini, na nini kinafanyika bila yeye kukiona? Darasa la watoto sabini linakigawanaje? Kinakula nini, kwa maana ya fedha, betri na umeme? Na kikiharibika, inakuwaje?

Maswali haya hayana uzito sawa. Lile la pili ndilo hasa la ualimu, na ndilo tunalolisahau kwa sababu la nne linapiga kelele zaidi.

Ili nisipendelee, nimevipitisha vifaa vyote kwenye swali moja. Mzee ana kamba ya mita 120. Anataka kuzungushia uwanja wa mstatili wa kuanikia korosho, mbuzi wasiingie, kabla hajazipeleka ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Upande mmoja ukiwa x, wa pili ni 60 − x, na eneo ni y = 60x − x². Upande uwe mita ngapi ili uwanja uwe mkubwa kuliko yote? Jibu ni mita 30, uwanja wa mita za mraba 900. Tuone kila kifaa kinafikaje hapo.

Penseli, rula na grafu pepa

Kwenye mtihani hapa hakuna mjadala. Mtahiniwa anayeulizwa grafu anachora kwa mkono wake, na alama zimetawanywa kwenye jedwali, skeli, mihimili na mchoro wenyewe.

Kinachojifunzwa ni kingi kuliko tunavyodhani. Nilipotoa swali la kamba kwa Kidato cha Tatu, kijana mmoja wa dawati la nyuma alichagua sentimita moja kwa kila kizio, mihimili yote miwili. Nikamwacha. Alipofika kwenye thamani 0, 500, 800, 900 akanyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akaniita: "Mwalimu, karatasi haitoshi." Nikamuuliza angehitaji ndefu kiasi gani. Sentimita 900. Mita tisa. Darasa zima likatazama juu kwenye bati, na bati lenyewe haliko hata mita nne. Siku ile skeli ilieleweka kuliko miaka yote niliyoifundisha kwa maelezo, na ilieleweka kwa sababu karatasi ilimgomea.

Kosa la pili ni la kuunganisha nukta kwa rula. Kipinde kinatoka na ncha kali juu, kama paa la nyumba, na mtoto haoni ubaya wowote mpaka umuulize: kati ya 20 na 30, je, 25 inatoa 850 kama mstari wako unavyosema? Anakokotoa, anapata 875. Hapo anaelewa kwa nini tunakunja mkono.

Ubaya wake ni muda. Kipindi cha dakika arobaini kinatoa grafu moja, na kwa walio wazito nusu grafu. Huwezi kuuliza "na kamba ikiwa mita 160 je?" maana kengele imelia. Mtoto anamaliza mwaka akiwa amechora vipinde vinne au vitano maishani mwake, anadhani vyote vinafanana. Ipo njia ya kuzunguka hilo na sisi tunaitumia: safu ya kwanza chukueni kamba ya mita 80, ya kati 120, ya dirishani 160, skeli iwe moja kwa wote. Mwishoni tunabandika michoro ukutani ubavu kwa ubavu. Inafaa, ila inataka mwalimu aliyejiandaa na darasa linalotulia.

Kugawana hakuna shida, kila mmoja ana yake. Gharama ni daftari la vijumba na grafu pepa chache za kununua kwa karatasi dukani. Kuharibika ni kulowa mvua. Linalobaki ni rula, na yule mwenzangu aliyezililia hakuwa na kosa.

Njia hii inamfaa anayeanza na anayekaribia mtihani. Haimfai mwalimu anayetaka watoto waone tabia ya familia nzima ya milinganyo kwa siku moja.

Kalkuleta ya kisayansi

Hii ndiyo iliyojaa maduka ya vifaa vya shule kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi, na walimu wengi hatujui kwamba baadhi yake zinatengeneza jedwali zima la grafu. Kwenye Casio fx-991ES bonyeza MODE, chagua TABLE, andika 60X − X², anzia 0, ishia 60, hatua 5. Safu mbili zinatokea, x na thamani yake, unashuka nazo kwa kishale. Ukiweka hatua ya 1 inagoma, maana jedwali lake haliendi zaidi ya mistari 30, na kugoma huko ni somo: hatua ipi inatosha kuona kilele bila kupoteza muda?

Angalizo la mnunuzi: fx-991MS, ambayo dukani inakaa rafu moja na ES na kwa mbali zinafanana, haina TABLE. Herufi mbili za mwisho ndizo zinazokula fedha yako. Na kwa kuwa nakala bandia ni nyingi, usiangalie maandishi ya boksi. Iwashe palepale kaunta, bonyeza MODE, ulitafute neno lenyewe kwenye skrini.

Mtihani unaipokea pale maelekezo ya karatasi yanaporuhusu kalkuleta isiyoprogramiwa. Kwa Kidato cha Sita siyo ruhusa tu, ni lazima: karatasi ya kwanza ya Hisabati ya Juu ina swali la kukokotoa kwa kalkuleta, na asiyezoea vitufe anapoteza alama za bure. Kwa madarasa ya chini soma maelekezo ya karatasi yenyewe, usitegemee mazoea.

Kinachojifunzwa hapa kiko katikati. Kazi ya kuchosha ya kukokotoa thamani kumi na tatu imeondoka, ila skeli, nukta na mkunjo wa mkono vimebaki kwa mwanafunzi. Mimi naona ni mgawanyo mzuri wa kazi. Inaondoa pia kosa linalovunja vipinde vingi: mtoto anayetafuta kipeo cha pili cha hasi tatu anaandika −3², kalkuleta inampa −9, naye anaiamini. Kwenye TABLE thamani inaingizwa sawasawa, inatoka 9. Lakini asipojua kwa nini mara ya kwanza ilitoka −9, ukimpeleka TABLE umelifunika shimo kwa jamvi tu.

Kinachofichwa ni kingine. Aina hiihii inatatua milinganyo. Ukimuuliza mtoto uwanja wa mita za mraba 800 unapatikana kwa upande upi, anaingiza x² − 60x + 800 = 0, inamtemea 20 na 40. Anaandika majibu mawili, hana hata mstari mmoja wa kazi, na karatasi ya mtihani imemwambia aonyeshe njia yote. Nimesahihisha madaftari ya namna hiyo hadi saa tano za usiku. Majibu yote sahihi, alama hakuna.

Kugawana: moja kwa watoto watatu inatosha, kwa sababu inatumika dakika tano kisha wanahamia kwenye karatasi. Inakula betri ndogo ya kitufe ikisaidiwa na mwanga wa jua, inakaa miaka. Ikifa, fundi simu haigusi, unanunua nyingine.

Inamfaa mwalimu mwenye darasa kubwa na fedha kidogo, na karibu kila mwanafunzi wa michepuo ya sayansi.

Kalkuleta ya kuchora grafu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo iliyotuletea ugomvi na ndiyo watu wengi wanaisifia au kuiponda bila kuishika.

Kalkuleta ya kwanza ya namna hii kuuzwa madukani ilikuwa Casio fx-7000G, mwaka 1985. Texas Instruments wakafuata na TI-81 mwaka 1990, na kizazi chake, TI-84 Plus, kilitoka 2004 na bado kinauzwa. Ilishika mizizi Marekani kwa sababu mtihani uliita. Tangu 1995 mtihani wa kalkulasi wa AP, masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari, una sehemu isiyofanyika bila kalkuleta ya grafu. Mtihani ukiita, mzazi ananunua. Mzazi akinunua, mwalimu anafundishia. Siyo kwamba mtoto wa yule mzawa wetu anatembea na kalkuleta kwa sababu Wamarekani wanapenda hisabati kuliko watu wa Nachingwea.

Kwetu mlango huo umefungwa. Kalkuleta hizi zinaandikiwa programu, kwa hiyo sharti la "isiyoprogramiwa" linaziacha nje ya chumba cha mtihani. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Aimee Ellington, alikusanya tafiti 54 kuhusu kalkuleta za aina zote madarasani. Picha aliyoipata ni kwamba faida ilikuwa wazi zaidi pale kifaa kilipotumika katika kufundisha na pia katika kupima. Ukifundishia kitu ambacho mtihani utakinyang'anya, sehemu ya faida unaiacha mlangoni. Haina maana hakuna faida. Ina maana usihesabu faida ambayo wenzako wanaipata kwa sababu usiyo nayo.

Sasa darasani. Mwalimu wa kujitolea aliyemaliza muda wake alituachia TI-84 Plus mbili, nami nikazijaribu kwa swali la kamba. Unabonyeza Y=, unaandika 60X − X², unabonyeza GRAPH. Watoto kumi na wawili wamezunguka meza moja, shingo nje. Skrini ikachora mihimili miwili kama msalaba, halafu ikatulia. Hakuna kipinde. "Imeharibika," mmoja akasema. Mwingine akashauri tupige pigepige mgongoni kama redio.

Haikuharibika. Dirisha lake la kawaida linaanzia −10 hadi 10 kwa mihimili yote miwili, na skrini ina nukta 96 tu kwa upana. Kipinde chetu kinapaa kwa kasi mno pale karibu na sifuri: kabla x haijafika 0.2, y imeshapita 10 na kutoka nje. Sehemu inayoonekana inalala juu ya mhimili wa y wenyewe. Grafu ipo, imejificha nyuma ya mstari.

Basi likaja swali: tufungue dirisha hadi wapi? Yule kijana wa karatasi ya mita tisa ndiye aliyejibu kwanza. X kuanzia 0 hadi 70, Y kuanzia 0 hadi 1000. Tukabonyeza, kipinde kikaja kizima, wakapiga makofi. Skeli aliyoipigania kwenye karatasi ndiyo dirisha la kalkuleta. Wale ambao hawakuwahi kuhangaika na karatasi walikuwa wanabonyeza ZOOM ovyo, wakisubiri muujiza.

Lakini tulipofika kutafuta kilele, nikapata funzo jingine. Wakabonyeza TRACE, wakasogeza nukta hadi juu, skrini ikasema X = 29.787234, Y = 899.95473. Binti mmoja akaandika daftarini: "Upande ni mita 29.787234." Kwa nini isiwe 30? Kwa sababu nukta ya TRACE inaruka kwa hatua za skrini, na kwa dirisha la 0 hadi 70 hatua hiyo haikanyagi 30, inatoka 29.787234 na kutua 30.531915. Nikawauliza: uwanja wenye upande huo unazidi ule wa 30? Wakakokotoa kwa mkono. Dakika ishirini zikaisha hapo, na zilikuwa nzuri mno. Ila niseme kweli, mwalimu asiyejua jambo hili angekubali 29.787234 na kuweka tiki.

Nguvu yake halisi ni wepesi wa kuuliza. Badilisha 60 iwe 80, bonyeza, tazama. Zungushia yote mabano, weka alama ya hasi mbele, fungua dirisha upande wa chini, bonyeza, kipinde kimepinduka. Grafu kumi kwa robo saa. Na tofauti na simu, haina WhatsApp. Mtoto akiinamia skrini ya TI unajua anatazama hisabati, maana hakuna kingine cha kutazama. Jambo hilo dogo lina thamani kubwa kuliko linavyosikika.

Kugawana ni tatizo. Skrini ni ndogo, watoto wanne ni mwisho, wa tano anaona kiwiko cha mwenzake. Kwa darasa la sabini unahitaji kumi na nane. Bei yake Marekani ni dola mia moja na zaidi kwa moja, na moja inalingana na kalkuleta za kisayansi kadhaa. Hapo hujalipa usafiri, na madukani kwetu hazipatikani.

Betri ni nne, zile nyembamba za rimoti, kwa TI-84 Plus na kwa Casio nyingi za aina hii. TI-84 Plus CE ya 2015 inachajiwa. Kalkuleta kumi na nane ni betri sabini na mbili kila zinapokwisha, na betri za bei rahisi zinavuja. Hewa yetu ya pwani nayo haina huruma: niliziacha zile mbili na betri zake likizo ya Desemba, Januari nikakuta springi zina ukungu wa kijani. Moja ilipona kwa kusuguliwa na kifutio. Ya pili inawaka ukiikandamiza mgongo kwa kidole gumba. Zitoe betri kabla ya kufunga shule, na usisubiri fundi, hayupo.

Inaifaa shule yenye darasa dogo, mwalimu anayekijua kifaa hadi kasoro zake, na mtihani unaokiruhusu. Shule zinazofuata mtaala wa kimataifa wa IB hazina la kuchagua, mtihani wao unaitaka. Vilevile inafaa klabu ya hisabati ya watoto kumi na tano hata huku kwetu.

Kishikwambi, simu na kompyuta

Baada ya Sensa ya 2022 vishikwambi viligawiwa walimu. Wengi wetu tunavitumia kwa maandalio ya somo na taarifa za ofisi, vingine vimegeuka redio. GeoGebra, programu ya bure ya kuchora grafu, inakaa humo vizuri. Ilianzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 alipokuwa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, na ukishaipakua inachora bila intaneti. Desmos nayo ni ya bure na programu yake ya simu inachora bila bando. Pakua siku ukiwa mjini, rudi nayo kijijini.

Kwenye mtihani, simu na kishikwambi ni marufuku bila mjadala. Cha kuchekesha ni kwamba mtihani wa SAT wa Marekani, ule wa kuombea nafasi chuoni, ulipohamia kwenye kompyuta, umewekewa Desmos ndani yake, hivyo hata kule TI imepata mshindani.

Kinachojifunzwa ndicho kilichonifanya nijione nimefika. Badala ya kuandika 60, unaandika nusu ya k na kuweka kitelezi cha k, urefu wa kamba. Unakivuta kwa kidole: 80, 120, 160, kipinde kinakua na kusogea mbele ya macho yao. Nikawaambia waandike vilele: (20, 400), (30, 900), (40, 1600). Ukimya. Kisha sauti kutoka pembeni: "Namba ya pili ni ya kwanza zidisha yenyewe." Vilele vyote vinakaa kwenye y = x². Maana yake uwanja ulio bora daima ni mraba, kamba iwe ndefu iwe fupi. Sikuwaambia mimi. Nimesema tuliweza hata kwa grafu pepa za ukutani, ni kweli, lakini pale namba zilikuwa tatu na hapa kilele kinatembea.

Kinachofichwa: karibu kila kitu. Skeli inajirekebisha kwa vidole viwili, jedwali halionekani, kilele kinaguswa na kuandikwa (30, 900) bila jasho. Mtoto anatoka akijua kwamba kipinde kinasogea, hajui kuanza kukichora. Wiki moja baada ya somo lile tamu niliwapa jaribio la karatasi na penseli. Sitaandika wastani hapa.

Kugawana: kishikwambi kimoja na watoto sabini ni sinema ya watu kumi. Projekta ikiwepo na umeme ukiwepo, mambo yamenyooka. Sisi tuna projekta moja, tunaigombea na mwalimu wa biolojia, na umeme hukatika saa usiyoitarajia. Simu za wanafunzi shule nyingi haziruhusu, nami sioni sababu ya kugombana na nidhamu kwa ajili ya kipinde. Maabara ya kompyuta kama ipo na inafunguliwa ndiyo suluhisho, na GeoGebra ya kusakinisha haihitaji mtandao.

Fedha ni ndogo kama kifaa tayari unacho. Kikiharibika, mafundi wa vioo na chaji tunao hadi vijijini, jambo ambalo TI haina. Inamfaa mwalimu anayetaka kuonyesha jambo na kuzua swali, na mwanafunzi wa Kidato cha Tano anayejisomea nyumbani wakati wa likizo.

Kwa hali yako

Kidato cha Kwanza na cha Pili, darasa limejaa: penseli iwe nyumbani, kishikwambi kiwe mgeni wa wiki mara moja. Rula kwanza. Kabla ya kitu chochote chenye skrini, kila dawati liwe na rula.

Kidato cha Nne, miezi michache kabla ya Mtihani wa Taifa: weka pembeni kila kinachochora chenyewe. Ile mada ya kutafuta faida kubwa kabisa kwa kuchora mistari ya vikwazo na kutia kivuli eneo lisilotakiwa inahitaji mkono uliozoea, na mkono hauzoei kwa kutazama. Kalkuleta ya kisayansi ihakikishe nukta tu, pale maelekezo yanaporuhusu.

Kidato cha Tano na Sita, mchepuo wenye Hisabati ya Juu: kila mwanafunzi awe na kalkuleta ya kisayansi yake mwenyewe na aizoee kuanzia wiki ya kwanza; ya kuazima siku ya mtihani inamchanganya vitufe. Kwa kuona tabia za vipinde vya ajabu ajabu, GeoGebra kwenye kompyuta ya shule. Kalkuleta ya kuchora mkiipewa, pokeeni, muitumie kwenye klabu.

Shule haina umeme, kama baadhi ya zile za ndani kule Liwale au Nanyumbu: penseli na kalkuleta ya kisayansi inayosaidiwa na jua. Kishikwambi kinachochajiwa kwa sola ya nyumbani kwa mwalimu kinaweza kubeba kipindi kimoja, ila usipange muhula mzima juu yake. Kalkuleta za kuchora hapa zina hoja yake, hazihitaji soketi, mradi bajeti ya betri iandikwe kwenye karatasi na siyo kuahidiwa kwa mdomo.

Mwalimu unayeanza kazi na hujawahi kushika kifaa chochote kati ya hivi: anza na TABLE. Utaizoea jioni moja.

Na kama wewe ndiye mzawa uliye Dar, fedha iko mkononi na moyo wako mweupe: kabla ya kuagiza chochote, mpigie simu mwalimu wa hisabati mwenyewe, siyo mkuu wa shule peke yake. Muulize darasa kubwa kuliko yote lina watoto wangapi, na betri zikiisha mwezi wa tano nani atanunua nyingine. Wa kwetu walipotupigia mara ya pili tuliwajibu hivi: kalkuleta za kisayansi zenye TABLE ishirini na tano, rula za chuma mia, ubao wa grafu mmoja. Mwenzetu wa TI alinuna siku tatu. Ile moja inayowaka kwa kukandamizwa mgongo tumempa yeye, na Alhamisi jioni ukipita dirisha la maabara utamkuta na watoto wake wa klabu, wanabishana juu ya dirisha la X.